Tuuachie Mwamba Kivuli Chake: Wito kwa Wananchi wa Kilifi, Kwale, Taita na Tanga

Ndugu mwananchi, kama unajenga mwaka huu, nina ombi. Siku utakapoagiza lori la kokoto, kabla hamjapatana bei, muulize dereva: mawe haya yametoka wapi?

Pengine atakutajia timbo la zamani, linalochimbwa tangu enzi za babu zetu. Hapo hakuna neno, jenga kwa amani. Lakini pengine atakutajia kilima cha mawe kule ndani, upande wa Chonyi, Kambe au Jibana, ambako miti mikubwa bado imesimama juu ya miamba na chini yake kuna ubaridi hata saa saba ya mchana. Akikutajia huko, ningependa tuzungumze kidogo kabla hujatoa pesa.

Katika mianya ya miamba kama hiyo ya Kilifi unaishi mmea ambao porini hauonekani mahali pengine popote duniani. Si mti, wala si mmea wa kumfanya mpita njia asimame. Uko chini, umeng'ang'ania jiwe upande wa kivuli. Majani yake ni mviringo, manene kidogo, yana malaika laini. Maua yake ni ya zambarau hafifu inayokaribia buluu, na katikati ya kila ua kuna vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Wataalamu waliuita Saintpaulia rupicola mwaka 1964. Siku hizi wengine wanauhesabu kuwa tawi tu la ndugu yake wa Tanga, na jina la kitaalamu wamelibadilisha tena. Majina hayo yasitusumbue. Wasambaa huwaita jamaa zake dughulushi, nami humu nitatumia jina hilo, maana ni fupi na ni la nyumbani.

Je, umewahi kuiona dughulushi? Huenda umeiona bila kujua. Ukiingia maduka ya maua ya Ulaya au Marekani, utaikuta kwenye vyungu vidogo, ya kila rangi, na watu hupeana kama zawadi. Hizo zote, maelfu kwa maelfu ya aina, zimetokana na mimea michache iliyochukuliwa hapa kwetu, zaidi katika eneo la Tanga.

Habari yenyewe inapendeza, tuisimulie kidogo. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alituma kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mmea aliouokota katika pwani hii. Mwaka 1887 akafuata padri W. E. Taylor, yule yule aliyeishi Mombasa na kukusanya methali na mashairi ya Waswahili. Yeye aliupata upande wa Giriama na Shimba. Vielelezo vyao vilikaushwa vikawekwa kabatini, hakuna aliyevishughulikia. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliwatumia wazee wake Ujerumani dughulushi. Baba yake akaupeleka kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akaupa mmea jina la familia hiyo mwaka 1893. Kufikia miaka ya 1920 mbegu zilikuwa zimevuka bahari hadi Los Angeles, na huko biashara ikashika moto. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama chao cha wapenzi wa ua hili, nacho kipo hadi leo.

Kwa hiyo dunia inalijua ua letu kwa zaidi ya miaka 130. Sisi je? Mtoto wa Chonyi anayepita chini ya mwamba kwenda shule anajua amepishana na nini?

Sikuja kumnyooshea mtu kidole. Hakuna aliyemwambia mtoto huyo. Hata mimi nikiulizwa shuleni ningetaja ndovu na simba, basi. Ndiyo maana nimeona niandike, tufundishane kama watu wa nyumba moja.

Tuanze na mwamba wenyewe. Mawe ya chokaa ya ukanda wa Kambe yalijengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Bahari ikarudi nyuma, mvua ikayala mawe polepole, yakabaki na ncha kali, mapango na nyufa ndefu. Ndani ya nyufa hizo hakuna udongo wa kutosha kuotesha mhindi mmoja. Jua likilipiga jiwe hilo wazi, huwezi kuliwekea mkono. Mmea laini unaishije hapo?

Unaishi kwa msaada wa majirani wawili.

Jirani wa kwanza ni mti. Mizizi ya miti mikubwa hupenya nyufani na matawi yake hutanda juu, hivyo jua linalofika kwenye mwamba ni lile lililokwisha kuchujwa na majani. Dughulushi hutaka mwanga, lakini si jua kali la wazi. Wenye kuilea vyunguni wanalijua hilo vizuri: ukiiweka kwenye dirisha linalochomwa na jua la mchana, majani hubadilika rangi na kunyauka.

Jirani wa pili ndiye ninayetaka tumtazame kwa makini, kwa kuwa ndiye tunayempuuza zaidi. Ni kuvumwani, yale majani madogo kabisa ya kijani yanayoshika jiwe lenye unyevu na kulifunika lote. Tunayakwangua kwenye matangi na kuta za visima kwa sababu yanateleza. Lakini kule mwambani kazi yake ni kubwa. Kuvumwani hii haina mizizi ya kunyonya maji ardhini. Hunywa kwa mwili wake wote, kutoka kwenye mvua, umande na ukungu. Mvua ya masika ikinyesha, hushika maji mengi kupita uzito wake ikiwa kavu, kisha huyaachia taratibu. Jua likizidi hujikausha ikangoja, na manyunyu yakirudi hufufuka.

Sasa, mbegu ya dughulushi ni ndogo kama vumbi. Ikidondoka juu ya jiwe tupu, upepo umeichukua au jua limeikausha. Ikidondoka juu ya kuvumwani hulala pale kama mtoto mchanga katika kanga ya mama, pana unyevu, pana kivuli, hadi inapotoa vijani viwili vya kwanza. Pakikosekana kuvumwani, mimea mikubwa itaendelea kuishi miaka kadhaa, utaiona na kudhani mambo ni mazuri, kumbe hakuna wadogo wanaokuja nyuma yake.

Je, kuna mwingine anayehusika? Yuko nyuki. Ua la dughulushi halitoi asali hata tone. Linatoa chavua tu, nayo imefungiwa ndani ya vile vifuko vya manjano, haitoki kwa kuguswa hivi hivi. Kuna nyuki wa porini wanaolishika ua na kutetemesha mwili wao kwa nguvu mpaka chavua ichupe nje. Kule Taita mtafiti wa Kenya, Dino Martins, aliwachunguza nyuki hao wakilifanyia hivyo ua la huko. Ni nyuki wasiokaa mzingani, na hawaishi kwa dughulushi peke yake. Wanakuja mashambani kwetu pia, kwenye maua ya mboga na magugu ya mipakani.

Nimeeleza yote haya ili uone kwamba kuulinda mmea huu si kuujengea ua wa seng'enge. Ukiuzungushia seng'enge na mti ukakatwa, umelinda jiwe tupu.

Tuseme basi yanayowezekana. Nitaanza na jikoni.

Kuni na makaa vinatoka wapi nyumbani kwako? Najua maisha yalivyo, sufuria haingoji. Lakini miti inayokua juu ya miamba mara nyingi ni ya miaka mingi, na juu ya jiwe mti haurudi upesi kama unavyorudi bondeni. Mti mmoja ukianguka pale, dirisha la jua limefunguka, na lile jiwe lililokuwa na ubaridi linaanza kuchomwa kila siku. Kuvumwani hugeuka rangi ya kahawia, ikachanika, ikapeperuka. Dughulushi hufuata. Kwa maoni yangu panga na msumeno vinaumaliza mmea huu kimya kimya zaidi ya baruti. Baruti ikilipuka kijiji kizima kinasikia. Mti ukikatwa usiku, nani atasikia?

Basi mama, baba, tuelewane hivi: miti ya mwambani tuipitie, twende kwa ile ya shambani. Na kama ya shambani haipo, tuipande. Kilifi na Kwale tuna mivinje, inayokua haraka na kutoa fito na kuni baada ya miaka michache tu. Tuna mikilifi inayovumilia kiangazi. Safu moja ya mivinje mpakani mwa shamba inaweza kumwondolea mama safari ya kwenda mwambani. Na jiko linalokula makaa machache linasaidia mfuko wako kabla halijasaidia msitu.

Wewe mwenye shamba lililopakana na mwamba, unasafishaje shamba kabla ya masika? Wengi wetu tunatumia moto. Sitakuambia uache leo na kesho ushike jembe mgongo ukiuma. Lakini unaweza kufyeka mkanda wa hatua kadhaa kati ya shamba na miti ya mwambani kabla ya kuwasha, ukaita majirani wawili watatu wakae na matawi mabichi, na usiwashe siku ya upepo. Na dawa ya wadudu ukiwa nayo, ipulize jioni nyuki wakiwa wameshalala. Mboga zako nazo zinawahitaji.

Mwenye mbuzi, je, unawapeleka wapi wakati wa kiangazi? Mbuzi hupenda kupanda mawe, ndiyo tabia yao. Wakipanda wanakwangua kuvumwani kwa kwato na kula chochote kibichi. Kukiwa na upande mwingine wa malisho, waelekeze huko, hasa miezi ya ukavu.

Sasa nije kwenu vijana mnaofanya kazi matimboni. Kazi yenu ni ya jasho na nyumba zetu zote zimesimama juu yake. Mawe haya husagwa yakawa kokoto, huchomwa yakawa chokaa, huingia kwenye saruji. Hakuna anayesema kazi ife. Lakini nani anayeujua uso wa mwamba kuliko ninyi? Ofisa akija na gari anaona kilima. Ninyi mnaona kila ufa.

Kabla timbo halijasogezwa upande mpya, zungukeni mkiangalia penye kivuli. Mkiona kuvumwani nzito, na ndani yake majani yale mviringo yenye malaika, mwambieni msimamizi. Sheria yetu ya mazingira hapa Kenya inataka mradi wa machimbo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na mamlaka ya NEMA ndiyo inayosimamia. Mmea kama huu unastahili kuandikwa katika ripoti hiyo. Usipoonwa na aliye pale, utaandikwaje?

Msimamizi naye, au mwenye kampuni, nakuomba kwa heshima: acha ukanda wa miti kati ya mashine na mwamba ulio hai. Vumbi la kusaga mawe hutua kwenye majani. Jani lenye malaika hushika vumbi sana. Walioko Ulaya wana brashi ndogo za kulisafisha jani moja moja. Mwambani nani atapangusa? Miti ndiyo huzuia vumbi lisifike.

Pale Chasimba, huku Kilifi, ambako mmea huu unajulikana tangu zamani, suala la ardhi limekuwa na mvutano wa miaka mingi, hadi mahakamani. Humo siingii, wenyewe wanalijua kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba kwa yeyote atakayeshika hati ya ardhi ya namna hiyo, awe mkulima, kampuni au serikali ya kaunti, mwamba wenyewe ni sehemu ndogo tu ya eneo. Unaweza kuachwa na shamba likalimwa, na jiwe likachimbwa kwingine.

Hudhurieni baraza, ndugu zangu. Chifu akiita mkutano kuhusu mradi wa machimbo, wengi tunasema tuna kazi, tunawaachia wazee watatu waliokaa mbele. Baadaye tunalalamika vichochoroni. Siku hiyo ndiyo ya kusimama na kuuliza: mwamba gani utaguswa, na upi utaachwa? Miti ya pembeni itakatwa? Nani alikwenda kuangalia kilichoota pale? Hayo ni maswali ya kistaarabu, hayamtukani mtu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 69, inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali kulinda mazingira.

Nikifika kwa wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, natoa shukrani kabla ya ombi. Tungekuwa tunazungumza habari ya mmea uliokwisha kutoweka, kama si miko yenu. Ndani ya kaya mti haukatwi ovyo, hata tawi lililoanguka halibebwi, njia ni ile ile iliyozoeleka, na asiyehusika haingii bila ruhusa. Wageni waliokuja na madaftari yao walikuta misitu imesimama pale ambapo miko imesimama. Tangu mwaka 1992 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana kitengo cha kushughulikia misitu ya pwani pamoja na wazee hao, kaya nyingi zimetangazwa rasmi kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi ya kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia.

Lakini si kila mwamba uko ndani ya kaya. Wazee, mnaonaje mkiwachukua vijana, mkawaonyesha na ile miamba ya nje, mkawaambia ipi haiguswi na kwa nini? Kijana akiambiwa tu "ni mwiko" siku hizi anaweza kucheka. Akionyeshwa kuvumwani, akagusa jiwe lenye ubaridi, kisha akagusa jiwe la timboni saa hiyo hiyo, hatahitaji hotuba ndefu. Na vijana nanyi, mkiitwa na mzee, nendeni. Msingoje mpaka azikwe ndipo mtafute nani anajua njia.

Walimu, mnalo somo la bure hapa. Hamhitaji darubini wala basi la kukodi kama shule iko karibu na miamba. Wapelekeni watoto baada ya mvua za masika, watazame bila kung'oa. Waulizeni: kuvumwani imeota upande gani wa jiwe, na upande gani haipo? Mbona? Wapeni nusu saa wachore. Mtoto aliyewahi kuuchora mmea hawezi kuukanyaga baadaye akiwa mtu mzima, angalau hivyo ndivyo ninavyoamini.

Ndugu zetu wa Tanga, msidhani nimewasahau. Kwenu ndiko kuliko na jamaa nyingi za dughulushi: kwenye mawe ya chokaa ya karibu na Amboni, kwenye miamba ya mito inayoshuka Usambara, hadi milima mingine ya Tao la Mashariki. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni nyumba yao kubwa. Na kwenu kulikuwa na jambo la kujifunza sote: hadi mwaka 2016 wananchi wa vijiji vya Amani walifuga vipepeo na kuuza pupa zao nje ya nchi, hivyo msitu uliosimama ukawa unawalipa. Kenya nasi tuna mradi kama huo Gede tangu mwaka 1993, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Fedha zikionekana mkononi, maneno hupungua. Na kwenye mashamba yenu ya iliki chini ya miti, tazameni kando ya mito na mawe, mahali penye dughulushi paachwe na magugu yake.

Taita nanyi mna wenu, Saintpaulia teitensis, katika msitu wa Mbololo. Mlima mmoja tu. Sina la kuwafundisha zaidi ya hayo niliyokwisha kusema kuhusu kuni na moto. Ninyi mmeishi na ufinyu wa misitu kuliko sisi sote.

Kuna wanaoniuliza: kwa nini tusiing'oe tukaipanda nyumbani, ikawa salama? Wazo ni jema lakini lina mitego miwili. Ukiing'oa mwambani, umeipunguza pale pale unapotaka kuiokoa, na dughulushi iliyozoea nyufa za chokaa haistawi ovyo kwenye mkebe wa rangi uliojaa udongo wa shamba. Mtego wa pili wengi hawaujui. Ukinunua dughulushi ya dukani, zile za maua mekundu, meupe na yenye mistari, usiipande kamwe msituni ukidhani unauongezea uzuri. Inaweza kupandana na ya asili, na baada ya vizazi vichache ile ya mwambani isiwe tena yenyewe. Ya dukani ikae sebuleni. Hapo iangalie, ipende, uimwagilie kwa chini usilowanishe majani kwa maji baridi.

Na kama kuna kikundi cha akina mama au vijana kingependa kuilea ya kwetu kwa ajili ya bustani au kuuza, jambo hilo linawezekana bila kuharibu mwamba. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa kivuli, huotesha mizizi baada ya wiki kadhaa, na baadaye vichipukizi vidogo hutokeza chini yake. Kutoka jani moja unaweza kupata miche mingi. Lakini jani hilo lisichumwe kwa kunyatia. Kikundi kiende Makavazi ya Kitaifa au kwa ofisi ya misitu, kiombe kibali na maelekezo, kiandike jani limetoka mwamba gani, na miche ya mwamba mmoja isichanganywe na ya mwingine.

Ninyi mlioko ng'ambo, London, Minnesota, Hamburg au Muscat, mkiona chungu chenye ua hili dirishani kwa jirani, mwambieni linatoka wapi. Mtaona atakavyoshangaa. Kisha, kama mnachangia shule ya kijijini kwenu, ongezeni nauli ya watoto kwenda kuuona mmea huo ulipo, wale ambao shule yao iko mbali na miamba.

Limebaki moja, nalo linawahusu zaidi wachungaji, warina asali na watoto wanaokwenda kutafuta ukwaju na mabungo. Ninyi hupita mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyewahi kukanyaga. Siku moja mtaona majani mviringo yenye malaika katika ufa ambao haujaandikwa popote. Msiyachume. Pigeni picha ya mmea kwa karibu kama mna simu, kisha mmwambie kwanza mzee wa kaya au mwenyekiti wa kijiji, naye apeleke habari kwa maofisa wa makavazi au wa misitu. Picha hiyo msiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na jina la mwamba na njia ya kufika, kwa maana kuna watu hukusanya mimea adimu, na wapo watakaofunga safari. Mtakayemwambia aje aone kwa macho yake, mkiwa mmemtangulia njiani.